Mzaramo wa Baba

Binamu yangu alipofika kutoka Tabora mwezi uliopita, alitoa kwenye begi lake mfuko wa matobolwa aliokuwa ameufunga nailoni juu ya nailoni, akiogopa mbwa wa uwanja wa ndege. Ni viazi vitamu tu, vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani mpaka vikakauka. Niliufungua jikoni kwangu. Harufu ilipopanda, tamu na yenye vumbi kidogo, mtu wa kwanza niliyemkumbuka hakuwa bibi yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akituanikia, wala baba yangu, aliyekuwa akivitafuna huku anasoma gazeti. Nilimkumbuka Anko Pazi, Mzaramo wa Kisarawe, ambaye hajawahi kutia kipande hata kimoja kinywani.

"Ninyi Wanyamwezi mnatafuna soli za viatu," alikuwa akimwambia Baba, "halafu mnashangaa kwa nini hamnenepi."

Nikamtengea fungu lake, ili apate la kukataa. Siku hizi ni mzee, amekaa na vidonge vyake kule Herndon, na sioni sababu ya kumnyima raha hiyo.

Ninyi mliokulia huku Amerika kama mimi mnajua nyumba zetu zilivyokuwa. Kwetu Lanham, Maryland, kulikuwa na maanko na maanti wengi kuliko viti, na hakuna mtoto aliyeambiwa undugu umepitia wapi. Ulisalimia, ukapisha kiti, ukaenda kukaa kwenye ngazi. Wengi wao niliwapenda kwa sababu za kitoto: huyu gari lake linanukia vizuri, yule chapati zake ni laini. Anko Pazi nilimchukia, na nilikuwa na sababu zangu, nzito kabisa.

Alikuja kila Jumapili mchana. Alikuwa dereva wa mabasi madogo yanayobeba abiria wa uwanja wa ndege wa Dulles, na siku yake ya mapumziko aliitumia kuvuka mto na kuja kumtukana baba yangu. Hakupiga hodi kama watu wengine. Alifungua mlango, akasimama na viatu vyake juu ya zulia la Mama, akauliza kwa sauti, "Mtumwa wangu yuko wapi?" Baba akatoka jikoni. Anko Pazi akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha Baba, kile ambacho hata Mama hakukikalia, akajinyoosha. Chakula kikiletwa, alichukua nyama kutoka sahani ya Baba, wakati bakuli limejaa na liko mbele yake. Siku moja ya baridi aliondoka na koti la Baba, akalivaa wiki nzima, na Jumapili iliyofuata akaja nalo akilalamika kwamba linanuka Unyanyembe, kwao Baba.

Na Baba alicheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Alifanya kazi ya kuwahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akirudi mgongo unamuuma, na hata kwetu aliongea kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuwaamsha waliolala. Lakini mbele ya Anko Pazi alicheka mpaka akashika ukuta. Alijibu pia, kitu fulani kuhusu Wazaramo waliouza mashamba yao wakanunua ngoma, ila mimi nilikuwa nimeshaamua ninachokiona, na majibu yake niliyasikia kama ya mtu anayejitetea.

Mwaka nilipotimiza miaka tisa, mwalimu wetu alitupeleka kuangalia nyumba ya zamani ya bwana mmoja mwenye shamba la watumwa, hapa hapa kwenye kaunti yetu, nyumba ya nguzo nyeupe na majani yaliyokatwa vizuri. Nyuma yake kulikuwa na kibanda. Mwanamke aliyetutembeza alitueleza kwamba waliolala pale hawakuwa na mshahara wala ruhusa ya kuondoka, na kwamba mara nyingi walicheka mbele ya bwana wao huku mioyoni mwao hawacheki. Wenzangu walikuwa wanasukumana wachungulie dirishani. Mimi nilisimama, na akilini nikamwona Baba ameshika ukuta.

Kiswahili nilikielewa chote. Sikukisema tu. Nilijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa ngazi zile. Kwa hiyo sikuwa na shaka yoyote na neno lile. Mtumwa nilijua ni nani, na nilikuwa nimeona alipokuwa akilala.

Nilimwendea Mama. Mama ni Mkenya, Mkamba wa Machakos, na wakati ule alikuwa akifanya kazi kwenye hoteli kubwa ya Arlington. Alikuwa anakunja sare zake nilipomuuliza kwa nini Anko Pazi anaruhusiwa kumwita Baba mtumwa.

"Hao Watanzania wako na mambo yao," alisema. "Hata mimi mara ya kwanza nilitaka kumfukuza na mwiko. Babako akaniambia niwachane naye."

"Kwa nini?"

"Ati ni mtani wake. Kwetu mtu akikutusi hivyo mnapelekana kwa chifu."

Hilo halikunisaidia hata kidogo. Wewe unayesoma umeshaelewa zamani na unanicheka. Unajua kwamba mababu wa Baba walipita Uzaramo na mizigo kichwani wakielekea pwani, wakagombana na wenyeji, wakapatana, na wajukuu wa pande zote mbili wakaachiwa ruhusa ya kutukanana bila mtu kukasirika. Unajua pia kwamba ruhusa hiyo inakuja na kazi zake. Mimi nilijua Anko Pazi ni mtu mkubwa mwenye sauti, anayekalia kiti kisicho chake.

Jumapili moja nikamsubiri mlangoni. Alipofungua tu, nikamwambia kwa Kiingereza, kwa sauti ile ya mwalimu wangu akiwa hataki mchezo, kwamba baba yangu si mtumwa wa mtu na kwamba utumwa ulishakwisha kisheria. Akavua kofia yake taratibu.

"Mihayo," alimwita Baba, "hukuniambia kama umeweka wakili."

Wakacheka wote wawili, Baba hasa, mpaka akakaa chini kwenye ngazi na kufuta macho. Nilipanda juu nikajifungia bafuni. Nilikuwa nimempigania na yeye ameniona kichekesho. Sikumbuki hasira nyingine ya utoto wangu iliyonichoma kama ile.

Kisha Bibi akafariki.

Simu ya Tabora iliingia asubuhi, Mama akiwa anamsuka mdogo wangu. Baba alisikiliza akiwa amesimama, akasema "sawa" mara kadhaa, akaiweka simu mahali pake kwa uangalifu mkubwa. Hakulia. Aliosha kikombe chake. Mchana akaenda kazini, na jioni aliporudi alifungua kabati, akatoa begi kubwa la magurudumu na kulilaza katikati ya sebule. Ndani akaweka suti yake nyeusi na tiketi ya ndege. Hakusema anakwenda, na hakuna aliyemuuliza.

Nieleze jambo lenyewe, maana hata mtoto wa umri wangu alilielewa. Baba alikuwa mtoto wa kwanza, na Tabora walikuwa wamesogeza mazishi mbele ili wamsubiri. Lakini karatasi zake za kukaa hapa zilikuwa bado. Wakili alikuwa ameshatueleza, sote tumekaa kwenye meza ya kulia, kwamba akitoka nchini kabla kesi haijaisha, kurudi asahau kwa miaka mingi, labda kabisa. Kwa hiyo begi lile lilikuwa na maana moja. Nililizunguka nikienda kunywa maji, nililizunguka nikirudi.

Watu wakaanza kuja. Manesi wa Kikenya rafiki zake Mama walileta masufuria ya githeri na wali. Jirani yetu Mama Furaha, Mkongomani, alikuja na sombe, kisamvu cha kwao, akamshika Baba mabega akamwambia ajipe moyo, "Kuraje, papa." Mchungaji aliomba. Watanzania walikuja kutoka pande zote, wakakaa sakafuni, wakasema pole, wakasema kazi ya Mungu haina makosa. Kila mmoja wao aliliona begi. Waliolifikia waliliruka au wakalipita pembeni. Walimwuliza Baba Bibi alikuwa na miaka mingapi, na kama ameugua muda mrefu. Yeye alijibu kwa adabu, macho makavu, na alikuwa mbali nasi kuliko nilivyowahi kumwona.

Kutoka kwenye ngazi nilimsikia Mama jikoni akiongea na nesi mmoja, rafiki yake wa karibu.

"Si umwambie?" alisema yule rafiki.

"Nitamwambia aje asizike mamake? Akibaki kwa sababu yangu, atanichukia. Akienda, hatumwoni tena."

"Basi mchungaji amwambie."

"Mchungaji mwenyewe anaogopa."

Sijawahi kuogopa vile. Nilikaa na magoti kifuani, nikamwomba Mungu vitu viwili: Baba asiende, na Anko Pazi asije. Nilifikiri Baba alikuwa amebakiwa na nguvu kidogo sana, na kwamba mtu yule angezimaliza.

Alikuja Jumamosi mchana, nyumba imejaa, ndege ikiwa ni ya kesho yake. Alianza kulia tangu kwenye maegesho ya magari. Kilikuwa kilio cha uongo, kirefu, cha kujivuta, na aliingia nacho bila hodi akajibwaga kwenye zulia. "Mama wa mtumwa wangu," alilia, "umekufa, umeniachia huyu, nitampeleka wapi huyu?" Manesi walikodoa macho. Mmoja alimnong'oneza Mama kama amtoe nje. Lakini Watanzania, watu waliokuwa wameinamisha vichwa tangu asubuhi, niliona mabega yao yanatikisika.

Alipomaliza kugaagaa akaliona begi. Akalifunga zipu. Akachukua koti la Baba kwenye msumari, akalivaa, akajitwika begi kichwani na kuanza kuzunguka sebuleni kwa hatua za mtu aliyechoka, akiwauliza waombolezaji mmoja mmoja njia ya Bagamoyo ni ipi. Baba alikuwa anatazama ukuta. Anko Pazi akalitua begi, akavuta khanga mabegani mwa mama mmoja, akajifunga, akaenda kukaa kwenye kiti cha Baba na kujikunja. Aliponyanyua kichwa, sauti yake ilikuwa ya kikongwe.

"Nani huyo amesimama mlangoni kwangu?"

Akagonga sakafu kwa kisigino.

"Nauliza, nani huyo?"

"Mihayo," Baba alisema hatimaye.

"Mihayo wa Amerika? Umefuata nini?"

"Nimekuja kukuzika, mama."

"Wachimbaji wamekwisha Tabora? Wadogo zako wamekatika mikono?"

Baba akalitazama begi.

"Haya, umenizika. Asante. Udongo umenienea. Watoto umewaacha na nani?"

"Na mama yao."

"Unarudi kwao lini?"

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, taulo mkononi.

"Mihayo, mimi nimeshakufa, sina haraka tena na mtu. Wale wanakua. Unarudi kwao lini?"

Nilitoka kwenye ngazi nikamrukia. Nilimpiga ngumi za tumboni na kuivuta ile khanga, na nikasema kwa Kiswahili, bila kukitafuta, "Toka. Mwache baba yangu, toka." Hakunizuia. Aliniacha nimpige. Nyuma yangu nikasikia Baba anacheka, kile kicheko chake cha kushika ukuta, kikaendelea, kikabadilika katikati, na nilipogeuka alikuwa analia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi. Mtu mzima sikuwahi kumwona akilia hivyo, na nilijua hakika kwamba sasa Anko Pazi amemwua.

Hakuna aliyesogea. Anko Pazi alinisogeza pembeni taratibu, akapiga magoti na khanga yake, akamshika Baba kichwa. "Lia, mtumwa wangu," alimwambia kwa sauti yake mwenyewe. "Nimekuruhusu."

Ilichukua muda. Mwishowe Baba akavuta pembe ya ile khanga, akafuta uso na pua, akamtazama.

"Wewe mtumwa," alisema. "Rudisha begi langu kabatini."

Nilishangaa. Sikuwahi kumsikia Baba akimwita hivyo. Au labda alimwita hivyo kila Jumapili, nami sikusikia kwa sababu nilikuwa nimeshagawa nani bwana na nani mtumwa. Anko Pazi akajitwika begi, akapanda nalo ngazi akilalamika kwamba Mzaramo hakuumbiwa mizigo, na Mama akarudi jikoni haraka akafungulia maji ili tusimsikie.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu nilipopata watoto wangu. Nyumba ile ilijaa watu waliompenda baba yangu, na upendo wao ndio uliowafunga midomo. Mke hakuweza kulisema neno lile, na ndugu wa Tabora ndio waliokuwa wakimsubiri. Rafiki wa kawaida angeonekana hana adabu. Ilibidi awepo mtu ambaye kukosa adabu ndiyo kazi yake, aliyeifanya Jumapili baada ya Jumapili, akila nyama ya mwenzake na kuvaa koti lake, mpaka siku lilipohitajika neno zito akawa na mahali pa kulipitishia. Mimi niliona matusi. Kumbe mtu alikuwa anatunza njia isiote majani. Ameitunza hata kwangu: kwenye harusi yangu alisimama akawapa pole wakwe zangu kwa hasara waliyoipata, na nilipojifungua mtoto wa kwanza alimchungulia akasema mbeba mizigo mwingine amezaliwa. Nililia kwa furaha, na nilimjibu vibaya sana.

Lakini jioni ile nilikuwa bado sijui lolote. Wageni walianza kuondoka Magharibi ilipokaribia. Anko Pazi aliswali kwenye chumba cha mdogo wangu, akashuka, akakunja mikono ya shati, akaanza kuosha masufuria yote ya msiba. Mama alijaribu kumwondoa pale, naye akamjibu kwamba Mama ndiye aende kulala, vyombo vya msiba ni kazi ya mtani. Nilisimama nikamtazama mgongo. Yeye ndiye aliyeongea kwanza, bila kugeuka.

"Una mkono mzito, wewe mtoto."

"Kwa nini unamtukana baba yangu?"

"Kwa sababu yeye Mnyamwezi na mimi Mzaramo."

"Hiyo si sababu."

"Ni kweli," alisema. Alisugua sufuria kwa muda. "Baba yangu alifariki mimi nikiwa hapa hapa, Hyattsville. Nilikuwa na mke, na mtoto wa kiume wa kimo chako. Karatasi sina. Watu walikuja, wakajaa, wakanipa pole, wakanishika mkono. Watu wazuri kabisa. Lakini wakati ule sikumjua Mnyamwezi hata mmoja Maryland nzima."

"Ukafanya nini?"

"Nikaenda kuzika."

Nilisogea karibu na sinki.

"Ukarudi lini?"

Aliisuuza ile sufuria, akaigeuza, akaiinamisha juu ya taulo. "Mwanangu nilimkuta ananyoa ndevu," alisema. "Akanipa mkono. Akaniuliza kama nimesafiri salama."

Juu, mlango wa chumba ulikuwa wazi, na tulisikia Baba anabonyeza namba za kadi ya simu, ndefu zile, kisha akaanza kuita Tabora kwa sauti kubwa kama walivyokuwa wakiita wakati ule. Anko Pazi akafunga bomba ili asikie.

"Msinisubiri," Baba alisema. "Zikeni. Mimi niko na watoto."

Akarudia, maana upande wa pili hawakusikia vizuri. Anko Pazi alibaki ameshika bomba lililofungwa, povu linamkauka mikononi, mpaka simu ilipokatwa.